Birika moja, makocha arobaini

Saa 10 alfajiri

Naamka kabla ya adhana. Mke wangu husema ipo siku nitaichoma nyumba kwa moshi wa buni, nami humjibu kwamba moshi ndio tangazo la biashara. Jirani akisikia harufu anajua niko hai na kahawa ipo. Nakaanga buni kwenye kikaango cha chuma mpaka iwe nyeusi ya kung'aa, siyo nyeusi ya mkaa, halafu naitwanga kwenye kinu na tangawizi kavu na hiliki kidogo. Wako wenzangu wanaonunua unga uliosagwa tayari. Mimi siwasemi, wateja wao watawasema.

Nauza kahawa Ngamiani, Tanga, huu mwaka wa kumi na nne. Watu hudhani sisi tunachuma siku za mechi. Thubutu! Siku ya mechi mtu anakunywa soda, timu ikifungwa anakwenda kulala na njaa yake. Kahawa hunyweka ligi ikiwa imefungwa na dirisha la usajili liko wazi, yaani kipindi hiki, maana hapo kila mwenye mdomo ni kocha na hakuna matokeo ya kumuumbua. Ndiyo maana nimechagua siku ya leo kuiandika.

Saa 11 na nusu

Kituo cha kwanza ni nje ya msikiti, wazee wakitoka kuswali. Hawa hawapigi kelele. Wanakunywa chungu bila kashata na kila neno lina uzito wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mgosi. Wenzio wanasemaje? Ubingwa?"

Babu huyu ni wa damu wa African Sports, Wana Kimanumanu, klabu nyingine ya hapa Tanga, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayezungumzia Coastal Union, timu yetu sisi, kama jirani aliyepata mtoto uzeeni: kwa upole, na kwa wivu kidogo. Msimu wa 2015/16 Tanga ilikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo JKT. Zote tatu zikashuka msimu huohuo. Babu hulisimulia kama msiba.

"Nilizika watatu kwa mkeka mmoja," anasema. "Wenu akafufuka 2018. Wangu bado namsomea hitma. Nyinyi mshukuru mna ligi ya kubishania."

Akanilipa sarafu zake, zikiwa zimehesabiwa tangu nyumbani, akaondoka zake. Sikuwa na jibu, na saa hizo hata sijaamka vizuri.

Saa 2 asubuhi

Soko la Mgandini. Hapa sikai, napita nikigonganisha vikombe, na habari zinanipita masikioni kama pikipiki. Straika katoka Kongo. Hapana, katoka Ghana. Kashuka usiku, yuko hotelini. Muuza nazi mmoja akanionyesha picha kwenye simu: kijana mrefu, kofia, begi la magurudumu. Mteja wake akaichungulia, akasema yule ni mwanamuziki. Kwa hesabu ya Mgandini, mpaka saa tatu kasoro Coastal ilikuwa imesajili mastraika saba na haijalipa hata mmoja.

Saa 4

Baraza la fundi cherehani. Hapa natua birika chini, maana fundi ana benchi, ana kivuli, na ana deni langu la vikombe 38.

Lile deni lina historia. Msimu wa 2023/24 Coastal tulianza vibaya, kocha Mwinyi Zahera akaondoka ligi ikiwa bado mbichi, akaja Mkenya David Ouma. Siku hizo fundi alikuwa kama aliyefiwa. Akaniapia mbele ya watu: "Tukimaliza ndani ya nne bora, nakulipa mara mbili." Nikaandika kwenye daftari, akatia sahihi kwa chaki ya kukatia nguo. Tukamaliza wa nne! Juu yetu Yanga, Azam na Simba, nasi tukakata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Fundi alilipa, kweli alilipa, ila siku iliyofuata akafungua deni jipya, nalo ndilo hili.

Kwa Coastal, mji mzima unajua mambo mawili: klabu ni ya 1948, na ubingwa ni wa 1988. Fundi anajua na yaliyo katikati. Lakini leo hakutaka historia, alitaka kulia.

"Sisi ni shule ya bweni," alisema, sindano mdomoni. "Mtoto anakuja hajui kufunga kamba za viatu, tunamfundisha, anafaulu, anahama. Mwamnyeto huyo, 2020, kaenda Yanga. Sopu, 2022, kaenda Azam. Mgunda mwenyewe, mtoto wa hapahapa, kocha wetu, mwaka uleule Simba wakamwita. Tanga, waja leo waondoka leo!"

Usemi huo sisi tunaupenda, tunajisifu nao kwa wageni. Sikuwahi kuusikia ukisemwa kwa uchungu vile.

Pembeni anakaa kijana fundi simu, Yanga wa kutupwa. Akamjibu bila kuinua macho kwenye simu aliyoifungua: "Fundi, shikamoo yako nakupa, lakini wasipouza watalipa mishahara kwa vitambaa vyako? Mwisho kununua tiketi ya Coastal na timu ndogo ni lini?"

Fundi akakanyaga cherehani kwa nguvu. Cherehani ikajibu badala yake.

Kijana kagusa donda. Uwanja wetu wa Mkwakwani unajaa wakija Simba au Yanga, na siku hiyo nusu ya watu wa Tanga wanakaa upande wa mgeni. Zamani ilisemwa ukiwa Coastal basi kwa Dar wewe ni Simba, ukiwa African Sports wewe ni Yanga. Siku hizi kila mtu anavaa anachotaka, ila wengi wana jezi mbili kabatini na ile ya Coastal ndiyo haijachakaa. Agosti 2023 Ngao ya Jamii ilichezwa hapahapa Mkwakwani, Simba na Yanga, suluhu, Simba akashinda kwa matuta, yaani penalti. Fundi huyuhuyu alishona bendera nyekundu tangu Jumatano. Nilitamani kumkumbusha, nikaogopea vikombe vyangu 38.

Saa 7 mchana

Wali, dagaa wa nazi, kulala. Jua la Tanga saa hizi halitaki kahawa wala mjadala.

Saa 10 jioni

Kijiwe kikubwa, chini ya mwarobaini, si mbali na ukuta wa Mkwakwani. Birika la pili, makaa mapya, kashata za karanga na za nazi. Wanakuja madereva wa bodaboda wakisubiri abiria, mwalimu wa shule ya msingi mwenye vumbi la chaki kwenye mkono wa shati, mstaafu wa bandari anayeanza kila sentensi na "kitaalamu", na wale ambao hakuna ajuaye kazi yao ila hawakosi. Pembeni yuko mama muuza mihogo ya kukaanga, ambaye kwa miaka yote hiyo nilidhani hasikilizi.

Mabishano yalianza kabla sijamimina. Kitaalamu, alisema mstaafu, timu inahitaji mastraika wawili wa kigeni na kiungo mchezeshaji. Bodaboda mmoja akasema wageni hawafai, wapewe vijana wa Makorora na Msambweni, wanaijua njaa. Mwalimu akataka watu waelewe hesabu: timu 16, mechi 30, mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaingia kwenye mchujo. "Kwa hiyo," akasema, "kwanza mnatafuta nafasi ya 12. Mkishaipata ndipo muote." Wakamzomea. Mwalimu amezoea kuzomewa, alikunywa tu.

Nikatoa daftari. Mwaka juzi nilianza kuwaandika utabiri wao, kwenye kurasa za nyuma, mbele yakiwa madeni. Nikawasomea wa msimu uliopita, neno kwa neno. Aliyesema ubingwa akasema hakusema. Aliyesema tutashuka akasema alikuwa na homa siku ile. Mstaafu akasema mwandiko wangu haueleweki. Watu wakacheka mpaka abiria mmoja akaondoka na bodaboda wa kijiwe kingine.

"Haya," nikasema, "msimu ujao?"

Hapo kelele ikawa ya soko. Jina hili, jina lile, huyu mguu wa kushoto, yule kafunga mabao kumi huko kwao. Wote wanazungumzia mbele. Ndipo yule mama akageuza mihogo, akasema kana kwamba anaongea na karai:

"Kipa mnaye?"

Kimya.

"Nauliza tu. Wote mnataka mtu wa kufunga bao. Wa kufunga mlango ni nani?"

Mstaafu akafungua kinywa kusema "kitaalamu", akakifunga.

Mimi ni muuza kahawa, si mchambuzi, lakini mama huyu kasema jambo ninalolifikiria tangu msimu ule wa nne bora. Tulifika kule kwa mastraika? Mabao yetu hayakuwa ya kujaza kapu, na hao watatu wa juu walituacha kwa zaidi ya pointi 20. Tulifika kwa sababu golini alikuwepo Mkongo Ley Matampi, ambaye alimaliza mechi 15 bila kufungwa, akachukua tuzo ya kipa bora mbele ya Djigui Diarra wa Yanga. Bao moja dakika ya sabini, halafu mlango kufuli. Na waliotuumiza kwa kuondoka, ukihesabu vizuri, wengi ni wa nyuma. Mwamnyeto ni beki. Straika akiondoka tunalia wiki mbili, beki akiondoka tunajua mwezi wa kumi na mbili.

Mwalimu akawa wa kwanza kurudisha sauti: "Mama, unajua mpira?"

"Nina watoto wanne wa kiume," akasema. "Muhogo mia tano."

Saa 1 na nusu usiku

Baada ya magharibi kijiwe kinabadilika. Wanaobaki ni wacheza dhumna na watu wa kumbukumbu. Usiku lazima mtu aitaje Arusha. Julai 2022, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, sisi na Yanga ile iliyomaliza ligi nzima bila kupoteza mechi. Tukatoka nao 3-3, matatu yote yetu kafunga Abdul Suleiman Sopu, halafu tukatolewa kwa matuta.

Mimi siku ile nilikuwa kwenye kibanda umiza Makorora, birika kati ya miguu. Sopu alipofunga la tatu mtu wa nyuma akaruka, akatua juu ya birika. Kovu ninalo kwenye kifundo cha mguu wa kulia, na kila wakisimulia usiku huu nakunja suruali, naonyesha. Ndilo kombe letu. Vijana wasiokuwepo wananunua kikombe cha pili ili waliguse.

Mtu akaongeza: na msimu uliofuata ule wa nne bora, Afrika tulifanya nini? Bravos do Maquis wa Angola walitutoa raundi ya kwanza tu, na Ouma naye hakukaa. Mcheza dhumna akapiga kete mezani. "Usiitie kahawa chumvi." Wakarudi Arusha.

Saa 4 usiku

Nyumbani. Naosha vikombe, natoa majivu, nahesabu. Vikombe 190 na ushei kwa fedha taslimu, 23 vya deni, fundi sasa ana 41. Aliniomba leo niandike tena ahadi ileile, nne bora, mara mbili. Nikaandika. Safari hii alitia sahihi kwa kalamu ya wino.

Nafungua kurasa za nyuma. Ubingwa: wawili. Nne bora: kumi na mmoja. Katikati: mwalimu na wengine watano. Kushuka: mmoja, babu wa alfajiri, ambaye hakusema hivyo lakini nimemwandika kwa macho yake. Mama wa mihogo hakutabiri kitu, nimemwekea swali lake: kipa?

Mke wangu anachungulia begani. "Na wewe mwenyewe? Mbona jina lako liko tupu?"

"Nasubiri usajili wa nyuma."

"Basi ukiwa unasubiri, buni imebaki ya asubuhi tu. Kesho pitia Mgandini, na usikae kusikiliza mastraika."