Sihari imetii: ਇੱਕ imepatikana

Jana usiku wa manane niliandika ਇੱਕ (maana yake "moja") kwenye kisanduku cha kutafutia, ikapatikana. Mara 41 katika faili moja! Wiki nzima jibu lilikuwa sifuri, nami neno naliona kwa macho yangu.

Faili ni za mzee jirani yangu, Kalasinga, mashairi ya Kipunjabi aliyoyachapa zamani kwa fonti ya AnmolLipi, nami nimeandika skripti ya kuyageuza yawe Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake. Ukiondoa fonti hiyo, ਸਿੰਘ (Singh) inabaki isMG, herufi za Kilatini tupu. Hiyo i ya mwanzo ndiyo sihari, ਿ, kasra ya Kigurmukhi, mwandiko wa Kipunjabi: huandikwa kushoto kwa konsonanti, hutamkwa baada yake. AnmolLipi hufuata jicho, Unicode hufuata sikio: ਸ (s) kwanza, kisha U+0A3F, namba ya sihari, halafu fonti ndiyo huirudisha kushoto. Basi kila i sharti iruke. Kwenye isMG inaruka s, kwisha. Ila ipR (pri) ilinitesa siku tatu, maana R ni ਰ (r) ya miguuni, na Unicode huiandika kwa virama, alama ya kuunganisha konsonanti, U+0A4D, ikifuatwa na ਰ. Sihari ikitua mara tu baada ya ਪ (p), neno linavunjika. Lazima ivuke kundi zima.

Nikadhani nimemaliza, kumbe bado.

Mtoto wa Kipunjabi hufundishwa wabeba irabu watatu: ura, aira na iri. Iri, ੲ, ikibeba sihari, unapata ਇ. AnmolLipi huichapa ie, na skripti yangu ikaigeuza kuwa U+0A72 na U+0A3F. Kwenye skrini yangu huoni tofauti hata ukisogeza pua. Lakini Unicode, iliyofuata mpangilio wa ISCII, mfumo wa herufi wa India, ina ਇ nzima kama herufi moja, U+0A07. Na usitegemee NFC, kanuni ya Unicode ya kuunganisha herufi na alama zake: hizo mbili haiziunganishi kamwe. Nimeilaumu bure programu ya kutafutia.

Dawa ni jedwali la kubadilisha jozi kama hizo kuwa herufi moja, mistari 9, mitatu kwa kila mbebaji, na lazima lipite baada ya sihari kuruka. Nililitanguliza mara ya kwanza, likapita bila kugusa ਇ hata moja, kwa sababu i ilikuwa bado mbele ya e.

Kilichonifumbua macho ni unicodedata.name ya lugha ya programu Python, inayotaja jina la kila herufi, herufi moja kila mstari. Kihariri kinachokuonyesha maumbo tu hakifai kwa kazi hii, kiwe kizuri namna gani.

Wiki hii nilipanga kushughulikia nukta ya ਸ਼. Lakini asubuhi nilimpelekea mzee ukurasa wa kwanza, akaanza kuusoma kwa sauti, polepole, kidole juu ya kila mstari. Alipofika mwisho akasema, "Lete na ule mwingine, mwanangu." Nukta itasubiri. Kesho naenda na kinasa sauti, nataka kila ubeti uwe na sauti yake pembeni.