Kompresa ya bendi tatu kwenye kinanda: anza na besi

Ukisikia piano na stringi zinapumua, zinazama kila kiki (ngoma kubwa ya mguu) inapogonga halafu zinaibuka, mara nyingi ni kompresa (kifaa kinachobana sauti inapozidi kiwango fulani) ya bendi moja. Kiki ndiyo yenye nguvu kuliko sauti zote, na kompresa ikiibana, inabana na vyote vilivyo pamoja nayo. Ya bendi tatu inatenga kwanza sauti za chini, za kati na za juu, kisha kila fungu linabanwa kivyake. Besi ikizidi, inashuka besi tu.

Kwenye Yamaha Motif XF na MOXF utaikuta ndani ya Master Effect kwa jina MULTI BAND COMP. Kwenye PSR-SX900 na Genos ingia Mixer, ukurasa wa Compressor. Hapo unachagua aina, kisha unapewa Compression, Texture na Output, basi. Chukua Natural na uweke Compression chini. Ile ya Loud iache kabisa kwenye ukumbi wa mabati.

Kabla ya kugusa chochote, zima kompresa na usawazishe sehemu zenyewe: besi ya staili (mdundo ambao kinanda kinajipigia chenyewe), ngoma, mkono wa kulia. Besi ya staili ikiwa juu kupita kiasi, ishushe palepale. Muulize pia fundi mitambo kama ameweka kompresa kwenye chaneli yako ya mikisa. Mbili zikifuatana, ya pili inakandamiza kilichokwisha kukandamizwa, na sebene linakuwa bapa hata upige vipi.

Kwenye kinanda kinachokuruhusu kuweka namba mwenyewe, mpaka kati ya bendi ya chini na bendi ya kati wengi wanauacha hertzi 250, na hapo ndipo penye shida. Do ya katikati ya kinanda, yaani C4, ni hertzi 262. Mkono wa kushoto ukipanda kutoka A3 kwenda D4 unavuka mpaka huo, na noti zinabadilika rangi njiani: A3 inabanwa pamoja na besi, D4 inapita karibu huru. Shusha mpaka uwe hertzi 150 au 160. Kiki na besi zinabaki upande wa chini, akodi nyingi zinabaki upande wa kati. Kama chombo chako kinaanzia 200, chukua 200. Mpaka wa juu uweke karibu hertzi 4,000 na usiusumbukie tena.

Sasa bendi ya chini. Resho, yaani kiasi cha kubana, weka 3 kwa 1. Cheza kipande kizito kuliko vyote, si utangulizi wa taratibu, na ushushe thresholdi (kiwango ambacho sauti ikikipita inaanza kubanwa) polepole mpaka kiki ibanwe desibeli 3 au 4 hivi. Kwa resho hiyo, sauti inayozidi thresholdi kwa desibeli 6 inatoka ikiwa imezidi kwa 2 tu, kwa hiyo imebanwa 4. Vinanda vingi havina mita ya kuonyesha hilo. Basi shusha thresholdi mpaka usikie wazi kuwa besi imeminywa, kisha ipandishe desibeli 5. Bendi ya kati resho 2 kwa 1, ibanwe desibeli 2 tu. Ya juu iguse kidogo sana, au usiiguse.

Ataki, yaani muda ambao kompresa inachukua kuanza kubana, ndiyo inayoharibu besi za watu. Noti ya chini ya gitaa la besi la nyuzi nne ni hertzi 41, maana yake wimbi moja linachukua milisekunde 24. Ukiweka ataki milisekunde 5, kompresa haifuati tena ukubwa wa sauti, inafuata umbo la wimbi lenyewe, na besi inakwaruza kama spika iliyochanika. Anzia milisekunde 30. Bendi ya kati 15 hadi 20, ya juu 10. Ikiwa chombo kina ataki moja kwa bendi zote, sikiliza besi, weka 30.

Rilizi, yaani muda wa kuachia, inatoka kwenye mwendo wa wimbo. Sebene la mapigo 130 kwa dakika lina milisekunde 461 kati ya pigo na pigo. Rilizi ya 150 hadi 200 inaiacha besi ipumzike kabla kiki inayofuata haijafika. Ukiweka 800, kompresa haiachii kamwe, na besi inabaki imeinama wimbo mzima.

Kuna jambo moja ambalo kompresa hailiwezi. Chukua ukumbi wenye sakafu ya saruji na dari ya mita 3.5, wa aina iliyojaa hapa Mwanza kuanzia Igoma mpaka Nyegezi. Kati ya sakafu na dari, hertzi 49 inajirudia na kujilimbikiza, na hertzi 49 ndiyo G ya chini ya besi. Mapambio ya ufunguo wa G yataunguruma, ya A yatatulia. Ndani ya kinanda G na A zina nguvu ileile, kwa hiyo ukishusha thresholdi unaminya zote mbili bure. Dawa ni kukata hertzi 49 kwenye ekwalaiza ya mikisa, kwa upana mdogo. Uwanja wa wazi wa Furahisha ni kinyume: hakuna kuta, besi inapotea, na kishawishi ni kuipandisha kwa geini (nyongeza ya sauti) ya bendi ya chini. Afadhali ongeza sabufa.

Vilevile mvumo wa umeme unaoingia kwenye waya wa jeki hauguswi na kompresa ya kinanda, kwani unaingia baada yake. Badilisha waya au tumia di-boksi (kisanduku cha kuunganisha kinanda na mikisa).

Mwisho geini ya kutokea. Sauti iliyopanda huonekana nzuri hata ikiwa mbaya, kwa hiyo washa na uzime kompresa huku ukirekebisha geini mpaka hali zote mbili ziwe na ukubwa sawa. Ndipo uamue. Fanya hivyo kwa spika za ukumbi, si hedifoni, na kama waya ni mmoja, uchomeke kwenye tundu la L/MONO. Kisha hifadhi, zima kinanda, washa tena na uangalie kama namba zako zipo, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya ibada, kilichohifadhiwa tu ndicho kitakachorudi.