Mananasi 24 na kisu kimoja

Jumanne usiku shemeji yangu wa Igoma, hapa Mwanza, alinipigia simu. Binti yake alikuwa anapokea kipaimara Jumapili, na kikao cha familia kilikuwa kimeshagawa kazi: wifi pilau, kaka zake vinywaji, mimi matunda. "Mananasi tu, shemeji. Matikiti yana mtu." Nikaitikia. Simu ilipokatika ndipo nikakaa kupiga hesabu. Wageni 90, ukikadiria nanasi kubwa moja kwa watu wanne, ni kama 23. Nikaweka 24.

Nanasi moja nilikuwa namenya bila shida. Mama alinifundisha nikiwa mdogo kwetu Sengerema: kata kichwa, kata kitako, lisimamishe kwenye ubao, shusha kisu kutoka juu mpaka chini, zunguka hivyo mpaka macho yote yaishe. Dakika tatu umemaliza. Kwetu mananasi yalikuwa shambani kwa babu, hakuna aliyehesabu kilichobaki kwenye ganda. Mbuzi walikuwa wanasubiri.

Lakini hapa ninanunua. Jumatano nilimenya moja la majaribio kwa njia ya mama, halafu nikachukua kijiko nikakwangua nyama iliyoondoka na maganda. Bakuli la uji lilijaa. Nikaliangalia lile bakuli muda mrefu. Kwa mananasi 24 nilikuwa naelekea kutupa mabakuli 24 ya chakula kizuri, na bado shemeji angeniuliza mbona vipande havikutosha.

Shida ni macho. Jicho la nanasi haliishii kwenye ganda, linazama ndani kama sentimita moja hivi. Kila jicho lilikuwa ua. Shambani kwa babu niliyaona mara nyingi: maua madogo ya zambarau yanachanua kuanzia chini yakipanda, kila ua linafanya tunda lake dogo, na matunda hayo yanashikana yanakuwa nanasi moja. Mabaki ya ua ndiyo yale ya kahawia yanayokwaruza ulimi. Ukitaka kuyamaliza yote kwa kukata ganda nene, lazima uondoke na ile sentimita nzima ya nyama, tena kuzunguka tunda lote.

Alhamisi nikapanda daladala mpaka Buzuruga. Kuna mama anauza matunda pale, nimenunua kwake miaka mingi, na mananasi yake yaliyomenywa yana mifereji inayozunguka kama kamba iliyosokotwa. Siku zote nilidhani ni mapambo ya kuvutia wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nikumenyee?"

"Leo naomba unifundishe."

Akanisogezea ndoo niikalie. Akanawa mikono, akachukua nanasi, akalishika kwa majani ya kichwani kama mtu anavyoshika mpini. Hilo la kwanza: hakukata kichwa. Kichwa kinakatwa mwisho, kwa sababu mkono unaoshika majani haugusi nyama, na nanasi haliponyoki hata likilowa maji yake. Akakata kitako tu, akamenya ganda jembamba kabisa, kisu kikifuata mviringo wa tunda. Ganda lilipoisha nanasi likawa la njano lenye madoadoa ya kahawia kila mahali.

"Sasa usiangalie kisu. Angalia macho yamekaaje."

Nikaangalia. Yamejipanga. Ukianzia jicho lolote unaona mstari wa macho unaopanda kwa mshazari, jicho baada ya jicho, ukizunguka tunda. Na kuna mistari mingine inayokwenda upande wa pili, imesimama zaidi. Baadaye nyumbani nilihesabu kwa kalamu ya wino: iliyolala ilikuwa 8, iliyosimama 13. Nimehesabu tena kwenye mananasi mengine na mara nyingi ni hivyohivyo, 8 na 13. Mama wa Buzuruga hakuniambia namba yoyote, lakini kisu chake kilifuata mistari minane iliyolala, na sababu iko wazi: mikato ni michache.

Anafanya hivi. Kisu kinaingia kimelala upande wa juu wa mstari, kinakwenda mpaka mwisho. Kinarudi upande wa chini wa mstari uleule, kimelalia upande mwingine, na mikato miwili inakutana chini ya macho. Utepe mwembamba unanyanyuka wenyewe, macho yote yamo ndani yake kama shanga kwenye uzi. Unabaki mfereji msafi. Kati ya mfereji na mfereji nyama yote imebaki kwenye tunda. Mkono wa kisu hautembei sana. Mkono wa majani ndio unaolizungusha nanasi kulilisha kisu.

La kwanza nililoshika mimi niliingiza kisu kwa kina mno, mifereji ikakutana na nyama ikameguka. La pili nilipotea njia: nilianza na mstari uliolala, katikati nikahamia uliosimama, nikaishia na miraba. Mama akasema kwa upole, "Ukishachagua mstari, kaa nao." La tatu likakubali. Nililipia yote matatu, nikamshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayo," naye akaniongezea ushauri wa kisu. Chake ni kifupi, chembamba, kimeliwa na kinoo mpaka kimebaki nusu ya upana wake wa zamani. Kisu kirefu cha mkate kinafaa kukata kitako na kupasua tunda, lakini kwenye mfereji kinakuwa kizito na kinakwenda kinapotaka.

Yeye pia ndiye aliyenichagulia mzigo. Mananasi yanayofika Mwanza kutoka Sengerema na Geita siku hizi yanavuka kwa barabara, juu ya Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Zamani gari lilipanga foleni ya kivuko na mananasi ya chini yalikuwa yanaminyika na kupata joto kabla hayajafika sokoni. Sasa yanafika mazima zaidi, ila bado unachagua moja moja. Ninanusa kitako: kikinukia nanasi, limeiva, kikinukia kama pombe, limepita. Ninalinyanyua, nataka zito kuliko linavyoonekana. Na hili watu wengi wanakosea: nanasi likishakatwa shambani haliongezeki utamu. Ukiliweka ndani wiki nzima litabadilika rangi na kulainika, lakini sukari iliyomo ni ileile iliyotoka nayo shambani. Kwa hiyo sikununua ya kijani kwa matumaini ya Jumapili.

Ijumaa jioni nilikuwa na mananasi manne ya mazoezi na watu wengi jikoni wenye maoni. Wifi alikuja na kifaa chake cha chuma, kile cha kuzungusha kama bisibisi: unakata kichwa, unakizamisha katikati, unazungusha, nyama inatoka imejiviringisha na moyo unabaki umesimama ndani ya ganda. Ni haraka kweli, haifiki dakika moja. Lakini kipimo chake ni kimoja na mananasi hayana kipimo kimoja. Kwenye nanasi kubwa kiliacha ukuta mnene wa nyama kwenye ganda. Kwenye dogo kilitoka na macho. Nilimwambia wifi ukweli kwamba kwa wageni 90 sitakitumia, lakini lile ganda tupu ni zuri kama kikombe cha juisi kwa mtoto, na siku ya watu wawili nyumbani kinatosha. Kijana wangu akataka tujaribu kung'oa macho kwa vidole, kipande kwa kipande, kama alivyoona kwenye simu. Nanasi letu halikukubali, tukaliacha.

Nikajaribu pia kukata mviringo na ganda lake, halafu kumenya kila duara. Unaona macho vizuri, na ukibonyeza kifuniko cha chupa safi katikati unatoa moyo kwa mara moja. Duara zinapendeza ukitaka kuzipitisha kwenye jiko la mkaa. Ila maji yote ya nanasi yanaishia kwenye ubao, na kuna jambo lingine lililonifanya niiache njia hiyo kwa sherehe: haina haki.

Nieleze. Kwa kuwa nanasi linachanua kutoka chini, upande wa kitako ndio unaotangulia kuiva na ndio mtamu zaidi. Upande wa majani ni mkali kidogo. Ukikata duara, mgeni mmoja anapata kitako, anasifu. Mwingine anapata shingo, anakunja uso, na wote wamekula nanasi lilelile. Ukilipasua kwa urefu, kutoka kichwani mpaka kitakoni, kila kipande kinachukua ncha zote mbili. Hili nililifanyia majaribio palepale jikoni: nikampa wifi kipande cha juu na cha chini akiwa amefumba macho, akakitambua cha chini mara zote tatu. Tangu siku ile nyumbani kwangu nanasi la kula linapasuliwa kwa urefu.

Ndiyo maana njia ya mashua nayo nikaipa nafasi. Nanasi linaoshwa vizuri kwa brashi, linapasuliwa mara nne kwa urefu pamoja na majani yake. Moyo unakatwa juu kama ukingo. Kisu kinapita kati ya nyama na ganda, kinafuata ule mviringo, halafu unakata vipande vya kupitisha kidole na kuvisukuma kimoja kushoto kimoja kulia. Inakaa kwenye sinia kama mtumbwi wenye abiria, majani yakiwa tanga. Ni nzuri kuliko zote kwa macho. Lakini kisu kikipita juu kidogo unaacha nyama, kikipita chini kidogo mgeni anatafuna jicho, na kwa watu 90 sinia zisingetosha. Nikaamua: mananasi manne ya mashua kwa meza kuu, 20 ya mifereji, yapasuliwe kwa urefu, moyo utolewe, vipande virefu.

Jumapili niliamka saa 10 usiku. Mananasi yote niliyaosha bado yana maganda, kwa sababu kisu kinachopita kwenye ganda chafu kinapeleka uchafu ndani, na kisu na ubao nilivisuuza kwa maji yaliyochemshwa. Sikukata Jumamosi ingawa nilishauriwa. Joto letu la mwambao wa ziwa nanasi lililokatwa halilipendi. Asubuhi ungekuta limeanza kuchachuka. Nilikuwa na deli mbili mpya na barafu, na kila beseni likijaa lilifunikwa na kuingizwa ndani.

Nanasi la kwanza lilinichukua dakika saba. Kufika la kumi nilikuwa kwenye dakika nne. La kumi na mbili ndipo vidole vikaanza kuwaka. Nanasi lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini, kinachovunjavunja protini, na ngozi yetu nayo ina protini. Ndicho kinachofanya ulimi uwashe ukila nyingi, na ndicho kilichokuwa kinanila ncha za vidole kwa saa mbili mfululizo. Wifi akanivalisha glavu. Ningezivaa toka mwanzo, na ninamsihi yeyote atakayemenya zaidi ya matano azivae. Kwa ajili ya ndimi za watoto nililoweka mabeseni yao kwenye maji ya chumvi kidogo kwa dakika chache, kama bibi alivyokuwa akifanya, kisha nikachuja. Ladha inakuwa tamu zaidi na ukali unapungua. Moyo sikuwapa kabisa.

Saa 2 asubuhi kisu kilikuwa chini. Mioyo yote na maganda vilikwenda kwenye sufuria kubwa na tangawizi, maji yakachemka nusu saa, nikachuja na kutia sukari. Hayo maganda yalikuwa membamba kiasi kwamba wifi aliyanyanyua kwenye mwanga wa dirisha akaona kivuli cha mkono wake. Na bado juisi ilitoka jagi sita.

Sherehe ikaenda vizuri. Shemeji alikuja nyuma ya turubai kuniuliza kama nimebakiza kitu kwa ajili ya wapishi. Nilikuwa na beseni moja zima na nusu ya lingine.

Siku za kawaida sasa natumia mifereji hata kwa nanasi moja, dakika nne tu, mkono umeshazoea. Kinachonishinda bado ni macho ya karibu na kitako. Pale macho yanakuwa madogo, yamebanana, na mistari inachanganyana kabla haijaisha, kwa hiyo ninayatoa moja moja kwa ncha ya kisu. Nikipita tena Buzuruga nitamwomba mama anionyeshe yeye anamaliziaje.