Jedwali la pesa za chuo, wiki ya 11: Desemba iliyonifikia Aprili

Hatimaye hesabu za Machi zimekubali. Salio la kwenye jedwali langu la kompyuta na salio la kwenye akaunti yanasomana, au karibu. Siku tisa nimepigana na mwezi mmoja, kumbe kosa halikuwa la hesabu hata kidogo.

Shabaha ya mradi haijabadilika: nataka namba moja tu kila asubuhi, kiasi ninachoweza kutumia leo bila kuila wiki ya mitihani. Chukua salio, toa yaliyokwisha kuahidiwa (kodi ya chumba, ada ya maabara), gawa kwa siku zilizobaki za muhula. Ile kanuni ya 50/30/20 (asilimia 50 ya mapato kwa mahitaji, 30 kwa matakwa, 20 kwa akiba) niliitupa wiki ya pili. Inamfaa mtu wa mshahara wa kila mwezi. Mimi pesa huniingia kwa vishindo: posho inakuja mara moja, kisha kimya kirefu, kisha watu watatu wanataka tasnifu zao zipangwe kurasa ndani ya wiki hiyohiyo. Asilimia 20 ya sifuri ni sifuri.

Sasa tatizo lenyewe. Jedwali lilidai kwamba Machi nimebakiza 2,700 zaidi ya zilizokuwemo kwenye akaunti. Aliyewahi kufunga vitabu vya hesabu anajua pa kuanzia: gawa tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda umepishanisha tarakimu, umeandika 540 mahali pa 450, kwa sababu kupishanisha tarakimu daima huzaa tofauti inayogawanyika kwa 9. Nikagawa 2,700, nikapata 300 kamili. Nikachekelea peke yangu kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Usiku mbili nikakaa na risiti, mstari kwa mstari, nikisaka tarakimu zilizogeuka. Hazikuwepo. Nilichosahau ni kwamba katika kila tofauti tisa, moja hugawanyika kwa 9 kwa bahati tu.

Nikahamia kwa mshukiwa wa pili: namba zilizohifadhiwa kama maandishi. SUM, fomula ya kujumlisha, huziruka na wala haisemi. Nikaipitisha safu ya kiasi kwenye ISNUMBER, fomula inayopima kama kisanduku kina namba kweli, ikajibu TRUE (ndiyo) kuanzia juu hadi chini. Hapo nikafunga kompyuta na kulitazama daftari langu la zamani kwa huruma.

Leo jioni, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikashuka hadi mwisho wa shiti. Nikakuta malipo ya kutoa nakala, tarehe 3 Desemba. Sasa hivi ni Aprili.

Taarifa ya akaunti huja kama faili la CSV (maandishi matupu, safu zikitenganishwa kwa alama ya mkato), siku ikitangulia mwezi. Programu yangu ilikuwa kwenye mpangilio wa Kimarekani, mwezi ukitangulia siku. Basi 12/03 ikasomwa 3 Desemba, 05/03 ikawa 3 Mei. Kuanzia tarehe 13, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, programu ilishindwa, ikaziacha kama maandishi, na SUMIFS yangu, fomula ya kujumlisha inayochuja kwa tarehe, ikazipita kana kwamba hazipo. Katika Machi nzima, siku moja tu ya taarifa ilibaki mahali pake: 03/03. Mapato na matumizi ya pesa taslimu nimekuwa nikiyaingiza kwa mkono, kwa hiyo yalikaa sawa. Yaliyotawanyika ni matumizi ya akaunti peke yake, ndiyo maana mwezi ukaonekana wa neema.

Kinachoniuma ni kwamba dalili ilikuwa machoni muda wote. Ukiacha visanduku vilivyo, tarehe halisi hukaa kulia na maandishi hukaa kushoto. Mimi, kwa kupenda urembo, nilikuwa nimeipanga safu nzima katikati.

Tiba yake ni mibofyo miwili. Calc ya LibreOffice, ndiyo programu yangu ya majedwali, unapofungua CSV, hukuonyesha dirisha ambamo unaiambia safu hii ni tarehe, siku-mwezi-mwaka. Dirisha hilo nimekuwa nikilifunga kwa Enter tangu wiki ya kwanza kwa kuliona usumbufu. Excel, ukiibofya CSV mara mbili, hukisia yenyewe bila kukuuliza, kwa hiyo wa Excel msinicheke. Na wanaonishauri nihamie programu za bajeti za simu: nimejaribu mbili. Kila ununuzi unataka nichague kundi na rangi, halafu mwisho wa mwezi zinataka ada. Nilipe kila mwezi ili nijue kwamba nalipa sana kila mwezi? Calc ni ya bure. Tarehe zangu sasa naziandika mwaka-mwezi-siku, kwa mtindo wa ISO 8601, kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, na hazina namna ya kunigeuka.

Mpango wa leo ulikuwa kuchora grafu ya miezi mitatu. Sijachora. Tarehe zilipokaa sawa nilipata wazo la kuongeza safu moja ya saa nilizofanya kazi, maana ratiba yangu yote iko kwenye kalenda ya simu. Ningejua nisingefanya.

Kazi niliyokuwa najivunia, kunakili mahojiano ya watafiti kutoka sauti kwenda maandishi, ndiyo inayonilipa kwa mkupuo mkubwa kuliko zote. Lakini saa moja ya sauti inanila saa nne, na watu wawili wakiongea kwa pamoja inafika sita. Ukigawa, kuwafundisha takwimu wanafunzi wa mwaka wa kwanza kunanilipa mara mbili na nusu zaidi kwa saa. Tasnifu ziko katikati, na zingekuwa juu kama si "rekebisha kidogo tu". Kidogo tu maana yake kurasa za mwanzo ziwe na namba za Kirumi, sura ya kwanza ianze na 1, kwenye faili lisilo na hata mpaka mmoja wa sehemu (alama inayoruhusu namba za kurasa zibadilike katikati ya faili) na ambalo yaliyomo yake yamechapwa nukta kwa nukta kwa mkono. Faili la namna hiyo sasa nitalitoza kwa saa, si kwa ukurasa.

Mteja wa mahojiano nimemwandikia bei mpya. Amesoma, hajajibu. Grafu itasubiri.

Na lile "karibu" la hapo juu: Machi bado inapishana na akaunti kwa 30. Haigawanyiki kwa 9. Nimeangalia.