Unyusi wa njano kwenye mgunga

Asubuhi hiyo ya Februari tulisimama kando ya Ziwa Naivasha, chini ya migunga ile mirefu yenye magome ya njano. Juu yetu ndege wadogo wanne walikuwa wakidonoa wadudu majanini. Nikasema wote ni aina moja. Mzee niliyefuatana naye akanikatiza: "Kijana, anza na uso. Rangi ya mwili iache mwisho."

Ni kweli, kwa sababu mwanga unaochujwa na majani hutia unjano hata kwenye tumbo jeupe. Wawili walikuwa na uso mtupu, jicho jeusi kama shanga, wakifuatana na kuitana: Phyllolais pulchella, wenyeji wa migunga mwaka mzima. Wa tatu alikuwa na duara jeupe kuzunguka jicho: huyo ni ndege aitwaye kinengenenge. Wa nne alijitenga. Alikuwa na unyusi mrefu wa njano hafifu, na chini yake mstari mweusi uliopita jichoni. Mzee akamtaja bila kusita: Phylloscopus trochilus, mgeni kutoka Ulaya na Urusi, anayekaa kwetu tangu Oktoba hadi Aprili.

Nikabisha. Miguu niliiona myeusi, na miguu myeusi ni ya nduguye, Phylloscopus collybita, ambaye Kenya ni nadra. Kumbe kivulini miguu yoyote huonekana myeusi. Tukangoja hadi atoke juani, na hapo ikawa kahawia iliyopauka. Hata hivyo mzee hakuridhika na miguu peke yake, kwani wapo trochilus wenye miguu ya giza. Akanionyesha mkia: collybita huushusha-shusha kila mara anapotafuta chakula, huyu aliutikisa mara mojamoja. Kisha bawa. Likikunjwa, ncha yake huchomoza nyuma ya manyoya ya ndani. Ya collybita ni fupi. Hii ilikuwa ndefu, bawa la kusafiria maelfu ya kilomita, ilhali mwili wenyewe una gramu 9 hivi.

Mara ndege yule akaimba. Wengi hudhani wageni hawa wako kimya wakiwa Afrika, lakini wanapokaribia kuondoka huimba. Sauti ilianza juu, ikateremka taratibu, ikafifia. Collybita hurudia vilio viwili tu, tsif-tsaf, tsif-tsaf.

Nikafuta alama ya kuuliza daftarini, nikaandika: saa 1:35 asubuhi, trochilus mmoja, mgunga, ameimba.