Batian: Uso wa Kaskazini au Kupitia Nelion?

Anayepanga kupanda Batian, kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya, mita 5,199, kwa kawaida huuliza kwanza ni njia gani iliyo rahisi. Swali hilo halimsaidii sana. Njia mbili za kawaida, uso wa kaskazini na ile ya kusini inayopitia kilele jirani cha Nelion, zinakaribiana kwa ugumu, daraja la IV hadi V kwa kipimo cha UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, na kinachoamua ni mwezi utakaokwenda. Mlima Kenya uko karibu kabisa na ikweta, hivyo jua hubadilisha upande. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba liko kaskazini: uso wa kaskazini unakauka, huku nyufa za kusini zikishika barafu. Vuli ikiisha, kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi mwanzo wa Machi, hali inageuka. Wapanda milima Shipton na Wyn-Harris walifungua njia ya Nelion mwezi Januari 1929. Firmin na Hicks wakapanda uso wa kaskazini Julai 1944. Kila kundi liliukuta mwamba katika msimu wake.

Njia ya Nelion huanzia Austrian Hut, kibanda cha wapandaji, mita 4,790. Unaondoka kungali giza, unavuka mabaki ya barafu ya Lewis, na mwanga ukipambazuka uwe tayari umefunga kamba. Barafu hiyo imepungua sana. Chini ya mwamba sasa kuna kifusi kinachoteleza na mawe yaliyolegea, kwa hiyo kofia ngumu ivaliwe kabla ya kufika hapo. Alfajiri mabaki hayo huwa magumu kiasi cha kuhitaji meno ya chuma viatuni. Hesabu kama urefu wa kamba 15 au zaidi, yaani vipande 15 vya kupanda, kila kimoja kisichozidi kamba moja. Sehemu inayowachelewesha wengi ni De Graaf's Variation, ukuta mfupi uliosimama, na ukiufikia umeshachoka na hewa ni nyembamba.

Ukisimama Nelion, mita 5,188, Batian inaonekana karibu sana. Usidanganyike. Katikati kuna Gate of the Mists, pengo lenye barafu na upepo mkali. Unateremka kwa kamba, unavuka, unapanda upande wa pili, kisha unarudi njia ileile, maana mteremko wa kwenda nyumbani uko Nelion. Kamba ya mteremko wa kwanza iache ikining'inia. Ukiivuta, utalazimika kupanda ukuta huo upya ukirudi. Kwenda na kurudi hula saa kadhaa, na mchana wa huku hauzidi saa 12. Ndiyo maana timu nyingi hulala Howell Hut, kibanda kidogo cha mabati alichokijenga Ian Howell juu ya Nelion mwaka 1970, au huishia Nelion. Kuishia hapo si aibu hata kidogo.

Uso wa kaskazini huanzia upande wa kambi ya Shipton's Camp, na unakufikisha Batian moja kwa moja. Ni mrefu zaidi, kama urefu wa kamba 20. Katikati kuna Amphitheatre, eneo rahisi lililojaa kokoto: timu iliyo juu ikivuta kamba ovyo, mawe yanawashukia walio chini. Kwa hiyo anza mapema uwe wa kwanza, au subiri kando mpaka wapite. Baada ya hapo ndipo penye kazi: Firmin's Tower, mnara wa mwamba wa daraja la V, kisha Shipton's Notch, pengo kwenye ukingo wa mwamba karibu na kilele.

Kosa kubwa la njia hii ni kutofikiria kushuka. Kurudi uso huohuo ni miteremko mingi ya kamba juu ya mwamba wenye vinundu vinavyonasa, na ukungu hupanda karibu kila adhuhuri. Chukua kamba mbili za mita 50, lakini pale penye ngazi za mwamba na vinundu shuka kwa vipande vifupi. Kabla wa mwisho hajashuka, aliye chini aivute kamba kidogo kujaribu kama inatembea.

Kwa njia yoyote, lala usiku mbili karibu na mita 4,200 na upande Lenana kwanza, kilele jirani kinachofikika kwa miguu. Saa 7 mchana ukiwa bado hujapita Firmin's Tower au De Graaf, geuka.