Shairi la siasa huanzia kwenye kituo

Chukua mshororo huu: "Viongozi ni wabaya, wanaiba mali yetu." Hesabu mizani, yaani silabi. Vi-o-ngo-zi-ni-wa-ba-ya, nane. Wa-na-i-ba-ma-li-ye-tu, nane. Mizani imetimia, lugha haina kosa, na hakuna atakayeukumbuka kesho. Mashairi mengi ya siasa hufa hivi. Mtunzi amejaa hasira ya haki, anaimwaga yote kwenye ubeti wa kwanza, kisha inambidi airudie hiyo hiyo katika beti tisa zilizobaki.

Sasa tazama ubeti huu wa tarbia, yaani wa mishororo minne, uliotungwa hapa kwa ajili ya mfano tu:

Dukani kuna mizani, ya shaba imesuguka,
Chini ya ile sahani, kuna jiwe limeshika,
Ukiuliza kwa nini, mwenyewe hukasirika,
Kilo moja ya dukani, nyumbani imepunguka.

Neno serikali halimo. Kura hazimo. Hata hivyo mtu aliyewahi kusubiri matokeo ya uchaguzi, au kusikia bajeti ikisomwa kisha akaenda zahanati isiyo na dawa, atajua ni duka gani linalosemwa. Na ubeti huu haukuanzia juu. Ulianzia chini, kwenye kituo, yaani mshororo wa mwisho. Ilipatikana kwanza "Kilo moja ya dukani, nyumbani imepunguka", nayo ikatoa vina, yaani silabi za kurudiwa katika kila mshororo: cha kati *ni* na cha mwisho *ka*. Mishororo mitatu ya juu ikatafutwa ili ikifikie. Anayeanza juu hufika kwenye kituo akiwa amechoka na vina vimemwishia, na hapo ndipo utaona "kweli", "sana" na "jamani" vikiingizwa kujaza nafasi. Msomaji husikia maneno ya kujazia mara moja, hata kama hajui kuhesabu mizani.

Katika kuhesabu, angalia sauti za puani. *Nchi* ni mizani mbili, kwa kuwa *n* inasimama peke yake. *Ndugu* nayo ni mbili, lakini *n* yake imeegemea *d*. *Mtu* ni mbili, *mboga* ni mbili. Maneno kama *labda* huleta ubishi: wapo wanaoihesabu *b* kuwa mizani kamili, wapo wasioihesabu. Chagua njia moja uishike hadi ubeti wa mwisho. Mizani ikizidi, inkisari, yaani kufupisha neno, inaruhusiwa: *aliyekuja* yenye mizani tano huwa *alokuja* yenye nne. Ikipungua kuna mazda, yaani kulirefusha, kama *enda* kuwa *enenda*. Ila ukizitumia mara tatu katika ubeti mmoja, msomaji ataacha kusikiliza hoja aanze kukuonea huruma.

Fumbo lina kanuni yake, na hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Picha lazima iwe ya kweli kwanza kwa mambo yake yenyewe. Mizani ya duka ina sahani, ina mawe, ina mkono unaopanda na kushuka, na yuko mtu anayeitengeneza. Ubeti wa pili unaweza kwenda kwa fundi, wa tatu kwa mkaguzi aliyepita akapewa soda, wa nne kwa mtoto aliyetumwa sukari akapigwa na mama yake kwa kudhaniwa ameilamba njiani. Huyo mtoto ana nguvu kuliko matusi yote, maana ameadhibiwa kwa wizi wa mwingine. Lakini ukileta jahazi na nahodha kwenye ubeti wa tano, duka limebomoka. Tena jahazi na nahodha vimetumika mno. Visipewe jambo jipya, kama namna maji yanavyoingia kwenye mishono ya mbao au nani amepewa ndoo ya kuyatoa, afadhali viachwe.

Wazee wa pwani walilijua hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi wakati Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, wakivutana na Seyyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar, ambaye aliutwaa mji mwaka 1837, na tungo zake za siasa ziliingia vitani kwa njia ya fumbo na majibizano. Zimetufikia kwa sababu watu walizishika kichwani, hadi Mwalimu Sikujua wa Mombasa na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya miongo kadhaa baada ya kifo chake. Vina vilizishikilia. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Kenya, naye alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka ulioitwa "Kenya: Twendapi?", uliouliza swali lake waziwazi. Gerezani akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, yakatoka mwaka 1973 katika diwani ya Sauti ya Dhiki. Humo yumo mamba anayejiona hashindiki, limo na jipu. Mamba anasomeka leo katika nchi yoyote yenye mto.

Lakini hilo jipu lina somo lake. Mwishoni mwa 2015 Rais Magufuli aliahidi kutumbua majipu, yaani kuwaondoa watumishi wala rushwa, na msemo huo ukaenea Tanzania nzima hadi kwenye daladala. Picha iliyokuwa ya mfungwa ikawa ya mwenye mamlaka. Inapofika hapo, mtunzi aiache, hata kama anaipenda. Akiitumia, msomaji atasikia sauti ya mkutano wa hadhara kabla hajasikia ya shairi.

Ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, zilipata tatizo la namna hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, washairi waliombwa kulieneza, na Mathias Mnyampala akaikuza ngonjera ikafika mashuleni. Ufundi wake wa vina haubishaniwi. Ugumu uko kwenye umbo: mjinga anauliza, mjuzi anajibu, mjinga anakubali, na msikilizaji anaujua mwisho tangu ubeti wa pili. Ukitaka kutunga majibizano leo, mpe mpinzani wako hoja bora kuliko zote unazozijua, na usimnyime vina vizuri.

Shairi likikamilika, lisome kwa sauti mbele ya mtu asiye mshairi, mara moja tu, kisha muulize anakumbuka nini. Akikwambia maana, rudi mezani. Akikurudishia kituo neno kwa neno, lipeleke.